Mpeni Mzee Kazi ya Uzee

Mwaka ni 1969, jiji ni New York. Mzee amesinzia kitini, kifua wazi, hana vazi ila kaptura ya ndani. Muziki wa vijana majirani unamkurupusha. Ananyanyuka kwa taabu, anakamata gongo la besiboli, anakwenda kuwagongea mlango wapunguze kelele. Nje, jiji zima linajiandaa kuwashangilia wanaanga waliorudi kutoka mwezini. Siku hiyo hiyo, chuoni anakofundisha, wanafunzi wanamtazama bila kumsikiliza, na wenzake wa kazini wanamwandalia hafla ndogo ya kumuaga na kumpa saa kama zawadi ya kustaafu. Akitoka nje anamkabidhi saa ile mtu barabarani na kuendelea na njia yake.

Huyo ndiye Indiana Jones, yule yule wa kofia ya pama na mjeledi, katika filamu yake ya tano, “Indiana Jones and the Dial of Destiny”, iliyoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 30 Juni 2023. Harrison Ford, aliyezaliwa tarehe 13 Julai 1942, alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 81. Filamu ya kwanza ilipotoka, Juni 1981, alikuwa na miaka 38.

Filamu hiyo ya tano ina dakika 154, na kwa maoni yangu dakika chache za mzee mwenye kaptura zina uhai kuliko sehemu kubwa ya zilizobaki. Nataka kueleza kwa nini, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko filamu moja. Hollywood imezoea kuwaita upya mashujaa wake wa zamani, na mara nyingi inarudia kosa lile lile: inamrudisha mzee, kisha inamkabidhi kazi ya kijana. Anakimbizwa, anarushwa, anaburutwa, anapandishwa farasi na kuingizwa mbio kwenye mahandaki ya treni za chini ya ardhi. Halafu sisi watazamaji tunatakiwa tushangae kwamba bado anaweza. Mimi sishangai, naumia. Ningependa kumwona akifanya yale ambayo Jones wa mwaka 1981 asingeyaweza hata kidogo.

Filamu yenyewe haianzi na mzee huyo. Inaanza mwaka 1944, kwenye ngome na treni ya Wanazi, na kwa karibu dakika 25 tunamfuata Jones mwenye sura ya mtu wa miaka arobaini na kitu. Ford mwenyewe aliigiza sehemu hiyo, kisha mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni aliyoianzisha George Lucas mwaka 1975, wakamvika uso wake wa zamani. Walikuwa na hazina ya kuchotea: Lucasfilm ilihifadhi picha za Ford tangu filamu za awali, kwa hiyo kompyuta ilipata pa kujifunzia uso ule kwa kila pembe na kila mwanga. Ufundi huo ni mkubwa na sitaki kuwavunjia heshima walioufanya. Ila sikiliza sauti. Uso ni wa mtu wa makamo, sauti inayotoka mdomoni ni ya babu. Tazama na anavyopita juu ya mabehewa: hakuna uzito, hakuna pumzi, hakuna mahali panapouma.

Na kuuma ndiko kulikotufanya tumpende. Sisi tuliozijua filamu hizi kwenye vibanda vya video, kanda imechoka na picha inarukaruka, tuliingia tukiwa na sheria moja ambayo kila mtoto aliijua: steringi hafi. Wengi wa masteringi wa enzi zile walipigwa risasi mia na shati likabaki limepigwa pasi. Jones alikuwa tofauti. Alivuja damu, alichechemea, aliogopa nyoka mpaka ukamwonea huruma. Katika “Raiders of the Lost Ark” kuna tukio ndani ya chumba cha meli, baada ya mkong’oto wa siku nzima, ambapo Marion, mpenzi wake wa zamani, anajaribu kumsafisha majeraha na kila anapogusa pana maumivu. Mwishowe anamuuliza kwa hasira ni wapi basi pasipouma. Jones anamwonyesha kiwiko, kisha paji la uso, kisha jicho, kisha midomo. Hapo hapo anamwambia kwamba kinachomchosha ni safari alizokwenda, wala si umri. Mtu wa miaka 38 anasema hivyo! Filamu hizi zilianza kuuzungumzia uchovu wa mwili siku ya kwanza kabisa.

Tena mwili halisi ndio ulioandika baadhi ya vipande vyake bora. Mwaka 1980 walipopiga picha Tunisia, iliyosimama badala ya Misri, Ford aliugua tumbo la kuhara kama wengi wa kikosi kile. Siku hiyo ilipangwa apigane kwa muda mrefu sokoni na mtu mwenye jambia kubwa, mjeledi dhidi ya upanga. Hakuwa na nguvu za kusimama juani kiasi hicho. Wakakubaliana na mwongozaji Steven Spielberg kufupisha: adui anauzungusha upanga kwa mbwembwe, Jones anamtazama kwa uchovu, anatoa bastola, anampiga risasi moja. Majumba mazima ya sinema yaliangua kicheko, na tukio hilo linakumbukwa hadi leo. Miaka michache baadaye, wakati wa filamu ya pili, Ford aliumia mgongo vibaya kiasi cha kurudishwa Marekani kufanyiwa upasuaji, na Vic Armstrong, aliyefanana naye umbo na aliyekuwa akimwakilisha kwenye vituko vya hatari, akabeba kazi kwa wiki kadhaa. Juni 2021, Ford akifanya mazoezi ya pigano la filamu ya tano, aliumia bega, ratiba ikapanguliwa. Kompyuta haiugui tumbo wala haitegui bega, na ndiyo maana haiwezi kuzaa tukio kama lile la sokoni.

Kuna na upande wa haki. Tarehe 14 Julai 2023, wiki mbili baada ya filamu kutoka, chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiliingia kwenye mgomo uliodumu hadi tarehe 9 Novemba. Waandishi wa filamu walikuwa wamekwishaanza wao tangu Mei. Hoja mojawapo kubwa ya waigizaji ilikuwa nakala za kidijitali: nani anamiliki uso wa mwigizaji ukishaingia kwenye kompyuta, na unaweza kutumiwa bila ridhaa yake wala malipo? Makubaliano ya mwisho yaliweka masharti ya ridhaa na malipo. Ford aliridhia na alikuwepo pale mwenyewe akiigiza. Lakini yule anayepita nyuma ya tukio akiwa amebeba trei, asiye na wakala wala jina, ndiye niliyemfikiria nilipokuwa nikiutazama ule uso laini wa mwaka 1944. Studio ikishajua kwamba inaweza kumpata mwigizaji wa miaka arobaini iliyopita ghalani, ina sababu gani ya kuvumilia mikunjo ya leo?

Sababu za kumrudisha Jones tunazijua. Lucas na Spielberg waliliota wazo la filamu hizi ufukweni Hawaii mwaka 1977, wakikumbuka filamu za mfululizo za miaka ya 1930 walizozipenda utotoni. Zikaja tatu, 1981, 1984 na 1989. Kisha kimya cha miaka 19, mpaka mwaka 2008 ilipotoka “Kingdom of the Crystal Skull”, Ford akiwa na miaka 65, ikakusanya zaidi ya dola milioni 780 duniani ingawa mashabiki wengi waliinung’unikia. Mwaka 2012 Disney wakainunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4, na mtu aliyenunua ng’ombe kwa bei hiyo atamkamua. Filamu ya tano iligharimu karibu dola milioni 300 na ikapata takriban milioni 384, hesabu ambayo kwa studio ni hasara ukishaweka matangazo na mgao wa wenye majumba ya sinema.

Nachelea kwamba wakubwa wa Hollywood watajifunza somo lisilo sahihi: kwamba watu hawataki kuwatazama wazee. Mwaka mmoja tu kabla, “Top Gun: Maverick” ilikusanya karibu dola bilioni moja na nusu. Tom Cruise alikuwa akikaribia miaka 60, na hadithi ilimpa tatizo la mtu mzima: ni mwalimu wa marubani vijana, na miongoni mwao yumo mtoto wa rafiki yake aliyekufa akiwa naye angani. Amtume kwenye safari ya hatari au amzuie? Cruise anaruka na ndege zake kama kawaida, lakini swali linaloshikilia filamu ni swali la mzazi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mfululizo wa Indiana Jones ulishalijua jibu tangu mwaka 1989. Katika “Indiana Jones and the Last Crusade” yupo mzee, Profesa Henry Jones, baba yake Indiana, aliyeigizwa na Sean Connery. Mzee huyu hapigi ngumi. Anavaa suti ya kitambaa kizito, anabeba mkoba na mwavuli, na anakasirishwa na fujo za mwanawe. Wako ufukweni, ndege ya Kijerumani inakuja kuwamiminia risasi, na bastola ya Indiana haina kitu. Mzee anatua mkoba, anafungua mwavuli, anaanza kutembea mchangani akipiga kelele kama kuku. Shakwe waliotua kwa mamia wanaruka kwa pamoja, ndege ya adui inaingia katikati yao na kuanguka. Mzee anageuka akiwa na mwavuli begani, anaeleza kwamba amekumbuka jambo alilolisoma kuhusu mfalme Charlemagne. Indiana anabaki akimtazama. Kwa mara ya kwanza tunamwona shujaa wetu akistaajabia ushujaa wa mtu mwingine, na ushujaa huo umetokana na kusoma vitabu na kuishi miaka mingi.

Ndani ya filamu hiyo hiyo, mitego mitatu ya hekalu inavukwa kwa maarifa ya baba yaliyoandikwa kwenye daftari lake. Na mwisho, kikombe kitakatifu kikiwa kimelala kwenye ufa, vidole vya Indiana vikikaribia kukigusa huku mkono wake mwingine ukiteleza, ni sauti ya mzee inayomwambia aachilie. Maisha yake yote mzee yule alikitafuta kikombe kile, lakini anaijua thamani ya mwanawe. Connery alimzidi Ford miaka 12 tu. Walipopiga picha zile hakuwa amefika hata 60. Wakati wa “Dial of Destiny” Ford alimpita umri huo kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa nini basi hakuna aliyempa mwavuli?

Waliowapa wazee wengine mwavuli huo wapo. Clint Eastwood aliununua mswada wa “Unforgiven” miaka ya 1980 mwanzoni, akauweka kabatini mpaka akue kufikia umri wa mhusika. Ilitoka mwaka 1992, akiwa na miaka 62. Mpiga bastola wa zamani anafuga nguruwe, anashindwa kumpanda farasi wake mbele ya watoto wake, anafyatua risasi kwenye kopo na kulikosa mpaka anakwenda kuchukua bunduki kubwa zaidi. Yale aliyoyafanya ujanani yanamrudia usiku. Filamu ikapata Oscar ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Nami nauheshimu sana ule uvumilivu wa kungoja: alielewa kwamba mvi za kubandika zisingetosha.

Na mwongozaji wa “Dial of Destiny” ni nani? James Mangold, mtu yule yule aliyetupa “Logan” mwaka 2017. Humo, Wolverine wa Hugh Jackman, ambaye kwa miaka 17 vidonda vyake vilijifunga vyenyewe, sasa haponi vizuri. Anamuuguza Profesa Xavier, mzee wa miaka tisini aliyepoteza udhibiti wa akili yake iliyokuwa na nguvu kuliko zote duniani. Anambeba, anampa dawa, anamsaidia chooni. Hakuna kituko katika filamu zote za mashujaa wenye nguvu za ajabu kilichonigusa kama kile cha kumuuguza mzee. Mangold anaujua uzee. Ndiyo maana siwezi kuliacha hili lipite kama uzembe wa mtu asiyeelewa. Naona ni woga wa studio yenye milioni 300 mezani.

Woga huo unaonekana zaidi kwa Sallah. Mnamkumbuka Sallah, mchimbaji hodari wa Cairo, mwenye mwili wa mnazi na sauti ya kuimba. Aliigizwa na John Rhys-Davies, Mwingereza wa asili ya Wales ambaye sehemu ya utoto wake aliiishi Tanganyika, Dar es Salaam na bara, kwa kuwa baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katika filamu ya tano Sallah amehamia New York, anaendesha teksi, ana wajukuu. Anampeleka Jones uwanja wa ndege. Pale mlangoni anamweleza jinsi anavyolikumbuka jangwa na bahari na asubuhi za kuamka bila kujua siku italeta nini. Anataka kwenda naye. Jones anamjibu kwamba siku zile zimepita, anamwacha pale, anaondoka peke yake.

Tukio hilo linafanya kazi, machozi yanakuja. Lakini nikajiuliza: kwa nini asiende? Wazee wawili, marafiki wa zaidi ya miaka thelathini, mmoja amefiwa na mwanawe vitani Vietnam na mkewe anataka talaka, mwingine amechoka kukaa nyuma ya usukani katika jiji la watu. Wapandisheni ndege moja. Wapeni vyumba viwili vya hoteli huko Tangier, dawa za shinikizo la damu, ugomvi wa nani amesahau ramani. Badala yake filamu inamletea Jones binti wa rafiki yake, Helena, anayeigizwa kwa wepesi na Phoebe Waller-Bridge, na kijana mwizi wa mifuko, kwa sababu kanuni ya studio inasema mzee lazima azungukwe na vijana ili vijana waje kutazama. Helena ni mhusika mzuri. Bado nafasi aliyoichukua ilikuwa ya Sallah.

Kuna na deni jingine. Kazi ya Jones tangu mwanzo ilikuwa kuvitoa vitu vya kale mahali vilipo na kuvipeleka jumba la makumbusho huko kwao Marekani. Katika dakika za kwanza kabisa za filamu ya kwanza anaiba sanamu ya dhahabu kwenye hekalu la Peru, wenyeji wanamkimbiza kwa mishale, nasi tulikuwa upande wake tukipiga makofi. Mwaka 1981 hakuna aliyeuliza sana. Tangu hapo dunia imeuliza. Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale ambaye hutajwa mara nyingi kati ya watu wanaofanana na Jones, alifika Machu Picchu mwaka 1911 na kuchukua maelfu ya vitu. Peru ilividai kwa miaka mingi, na Yale ikaanza kuvirudisha mwaka 2011, baada ya karibu karne nzima.

Sisi huku hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandarini, na leo mifupa ya mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 imesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Mifupa ya dinosaria si akiolojia, lakini safari yake ni ile ile. Huko Tendaguru alikuwepo msimamizi wa wachimbaji aliyeitwa Boheti bin Amrani, na wataalamu walimkumbuka baada ya miongo mingi kwa kumpa jina lake dinosaria mmoja mwaka 2007. Kila Jones alikuwa na Sallah wake, na kwa kawaida jina lililobaki kwenye kibao cha ukumbi ni la Jones.

Hata kwenye meli ile ya mwaka 1981, ambako Marion alimsafisha majeraha, nahodha alikuwa mtu mweusi aliyeitwa Katanga, na meli yenyewe ikaitwa Bantu Wind. Wanazi walipoivamia, Nahodha Katanga aliwadanganya usoni kwamba amekwisha kumuua Jones, akahatarisha shingo yake na za mabaharia wake kwa ajili ya mgeni. George Harris aliigiza nafasi hiyo kwa dakika chache zenye heshima kubwa. Hatukumwona tena. Jones mzee alipaswa kumkumbuka.

Ajabu ni kwamba mfululizo huu una tukio moja la kurudisha, na limo katika filamu isiyostahili sifa hiyo. “Temple of Doom” ya mwaka 1984 iliwachora Wahindi kama walaji wa ubongo wa nyani na watoa moyo wa binadamu. Serikali ya India ilikataa picha zipigwe nchini kwa masharti ya watengenezaji, wakaenda Sri Lanka, na filamu ikapigwa marufuku India kwa muda. Dharau yake bado inachoma. Lakini mwisho wake Jones analirudisha jiwe takatifu kijijini lilikoibwa, analiweka mkononi mwa mzee wa kijiji na kuondoka mikono mitupu. Nikiifikiria filamu ya tano ambayo ingemstahili mtu wa miaka 80, naifikiria kutokea hapo: profesa aliyestaafu anayezunguka dunia na Sallah akiirudisha ile sanamu ya Peru, akibishana na forodha, akizuiwa na majumba yale yale aliyoyajaza mwenyewe, akifukuzwa na watu wanaotaka kuiuza. Vituko vingekuwepo tele. Mwizi anayerudisha mali ana maadui wengi kuliko anayeiba.

Tukubali kwamba “Dial of Destiny” iliugusa uzee mara mbili kwa ukweli. Kwanza ni ndani ya mashua usiku, Helena anapomuuliza angefanya nini kama angeweza kurudi nyuma kwa wakati. Jones anasema angemzuia mwanawe asijiandikishe jeshini. Ford anayasema hayo kwa sauti ndogo, macho chini, na hapo hakuna kompyuta duniani ingemsaidia. Pili ni karibu na mwisho. Kifaa cha mwanahisabati wa kale Archimedes, kile kinachotajwa kwenye jina la filamu, kinawatupa hadi Syracuse mwaka 212 kabla ya Kristo, jiji likiwa limezingirwa na Warumi. Jones ana jeraha la risasi. Mbele yake amesimama Archimedes mwenyewe. Mtu aliyetumia maisha yake kuokota vigae vya zamani sasa yumo ndani ya zamani yenyewe, nayo inamsemesha. Anaomba aachwe afie pale. Nyumbani hana wa kumrudia.

Ombi hilo ni la mzee, zito na la kueleweka. Na filamu inalijibu kwa ngumi: Helena anampiga, anazirai, anaamka kitandani kwake New York. Marion, ambaye ndiye mkewe, amerudi, mazungumzo yale ya meli ya mwaka 1981 yanarudiwa na wale wale wawili wenye mvi, na ni vigumu kutolainika. Ila uamuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake umefanywa na mtu mwingine akiwa hana fahamu. Tunafanya hivyo hivyo kwa wazee wetu wa kweli, tunaamua kwa niaba yao tukiamini ni upendo. Jones angeweza kusimama, akamtazama Archimedes, akakumbuka sauti ya baba yake ikimwambia aachilie, akapanda ndege kwa miguu yake mwenyewe. Ingechukua dakika mbili na isingegharimu hata dola moja ya ziada. Picha ya mwisho kabisa inaonyesha mkono wake ukiikwapua kofia kutoka kwenye kamba ya nguo. Filamu ya mwaka 1989 ilimfundisha kuachilia, hii ikamfundisha kung’ang’ania.

Wenye kutaka kumwona Ford mzee akipewa kazi inayomfaa, wamtafute kwingine. Januari 2023, miezi mitano kabla ya “Dial of Destiny”, alianza kuonekana katika tamthilia ya televisheni “Shrinking”. Anaigiza mtaalamu wa ushauri wa kisaikolojia, Paul, mtu mkali na mchekeshaji ambaye ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wake unatetemeka. Anaogopa kumwambia binti yake. Anawashauri wenzake vijana mambo ambayo yeye mwenyewe hajayaweza. Anapenda, anakasirika, anakataa kusaidiwa, kisha anakubali. Julai 2025, siku mbili baada ya kutimiza miaka 83, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo, uteuzi wake wa kwanza wa Emmy katika kazi yake yote. Uso ni wake, wa leo, na mikunjo yake yote imo.